Rozari Mbele ya Mashine ya Profesa

Jumatatu, 4 Mei
Profesa Lakot amefika Bwera kutoka Kampala. Anachunguza usalama wa mpaka! Alianza na teknolojia, akahamia diplomasia, sasa yuko kwenye usalama. Kwetu sokoni mtu akihama vibanda hivyo tunasema biashara imemshinda. Chuoni wanampandisha cheo.

Ameleta mashine mbili za kuhesabu watu wanaovuka mto bila kupita darajani. Anatafuta msaidizi mmoja wa hapa, na jina lake litaandikwa kitabuni. Nikwambie ukweli, nalitaka jina langu humo. Mimi katekista, mtu mzima, na jina langu limeandikwa mahali pamoja tu: kwenye zamu ya kufagia kanisa.

Tatizo ni Swalik wa pikipiki za mizigo. Naye anaitaka kazi. Kamwambia profesa kwamba mimi, Kosmasi, najua njia moja tu, ya kwenda altareni. Mutu gani huyu! Profesa kaamua kila mmoja achague mahali pa mashine yake. Itakayohesabu watu wengi, mwenyewe kapata kazi.

Jumanne, 5 Mei
Siku ya soko. Jioni, watu walipotawanyika, nikampeleka profesa nyuma ya migomba ya jirani yetu Medius, pale mto unapovukika kwa miguu. Napajua kwa sababu mke wangu Tabisa hupita hapo kila siku ya soko na mawese yake kutoka Kongo. Si magendo. Ni njia ya mkato. Mashine ikafungwa mtini. Profesa akauliza kama maji yana mamba. Amesomea usalama, huyo.

Jumatano, 6 Mei
Aibu! Mashine yangu imehesabu watu wawili, na mmoja ni mimi nilipokwenda kuitazama. Nilisahau kwamba soko ni Ijumaa tena. Ya Swalik imejaa! Nikapeleleza. Anapitisha mbuzi wa shemeji yake, huku na huku. Mtu anayeswali mara tano kwa siku! Nimesikitika kwa niaba ya imani yake.

Nikapiga magoti. Jibu likaja upesi: Mei ni mwezi wa Mama Maria.

Alhamisi, 7 Mei
Kila Mei tunapeleka rozari nyumba kwa nyumba. Leo nimeipeleka kwenye migomba. Akina mama wa kwaya nyuma yangu, tunapita mbele ya mashine, tunazunguka, tunapita tena. Ronah, kiongozi wa kwaya, akauliza kwa nini Mama wa Mungu aoneshwe mti mmoja siku nzima. Nikasema ni unyenyekevu. Akasema magoti yake yameshanyenyekea, sasa yanataka kukaa.

Lakini matokeo! Kumbe mashine inawajua mbuzi, ikichambuliwa inawafuta wote. Swalik hana kitu! Ya kwangu imemtetemesha profesa kwa furaha. Anasema hajapata kuona mwendo kama huo mpakani: kundi kubwa, mstari mmoja, nidhamu ya ajabu, linakwenda na kurudi. Vyeti vyote vile, na hatambui rozari! Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo. Akanivika kadi ya msaidizi yenye kamba shingoni na kuketi kuandika ripoti.

Ijumaa, 8 Mei
Ee Bwana. Ripoti ilifika kwa wakubwa. Alfajiri askari wamejaa migombani, wanangoja kundi lenye nidhamu. Likaja. Tabisa mbele, Ronah nyuma yake, na nusu ya kwaya, kila mmoja na mtungi wa mawese kichwani. Afande akapiga kelele: “Simama! Weka chini! Kaa!” Wakakaa. Mawese yote yakaenda kwa watu wa ushuru.

Nikakimbia na kadi yangu kuwatetea. Afande akaisoma, akanipa mkono mbele ya wote, akanishukuru kwa kuwaonesha njia hii. Tabisa hakulia. Alisema tu, “Baba Rachelle, leo ugali wako wa bundu utauchovya kwenye hiyo kadi.” Kisha akapanda mlimani Bwesumbu kwa dada yake.

Jumamosi, 9 Mei
Profesa ameitwa ng'ambo kuhutubia juu ya kundi la Bwera. Nikauliza jina langu litakaa ukurasa gani. Akasema mimi sasa ni chanzo cha habari za siri, hivyo kwa usalama wangu jina litafichwa. Msaidizi atakayeandikwa ni Swalik! Kapita na pikipiki, akauliza, “Katekista, ile njia ya altareni bado iko wazi?”

Jumapili, 10 Mei
Kwaya haikuimba. Niliimba peke yangu, padri akanionesha kwa mkono nikae.

Baada ya misa, Crispus, dereva wa profesa, kaniambia profesa mwingine yuko njiani, atafika Kasese Jumatano. Huyu ni wa diplomasia. Anatafuta familia iliyogombana, aipatanishe hatua kwa hatua, na majina yataandikwa kitabuni. Yangu iko tayari! Asubuhi nilikuwa nimempigia Tabisa kumwomba msamaha, na alikuwa ameanza kulainika. Nimempigia tena haraka. Nimemwambia aendelee kukasirika mpaka Jumatano.