Mthamini Asiyeshuka Garini

Lionel Prewett alikuwa anavunja gando la kaa, Jumatatu mchana katika baa ya Dema pale Ormthorpe, kijiji cha pwani ya Uingereza, aliposikia mwanamke aliyeegemea kaunta akimwambia mwenye baa maneno matamu kuliko kaa mwenyewe.

"Benki wamenikatalia, Clive. Kwa mara ya tatu."

Lionel aliacha gando. Wapo watu ambao wakisikia mwenzao amenyimwa mkopo husema pole. Lionel huvaa tai. Aliitoa mfukoni, ya hariri, akaifunga bila kioo, akajipangusa mafuta midomoni na kusogea kaunta kwa mwendo wa mtu ambaye fedha zimemchosha.

Hiyo ndiyo kazi yake, kama tutakubali kuiita kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezunguka Norfolk, Suffolk na Lincolnshire akiwatafuta wenye hamu ya kununua majengo ya biashara: huyu ameona duka lenye vyumba juu, yule ana ghala la shayiri la kugeuzwa ukumbi wa harusi. Benki zikishawatazama kwa jicho la pembeni, Lionel anatokea. Anao wenye fedha wake huko kisiwa cha Jersey, watu wakarimu sana ambao hakuna aliyewahi kuwaona, hata Lionel mwenyewe. Unalipa ada ya maandalizi kwanza. Wiki sita baadaye anakupigia kwa sauti ya msibani: mkopo umekwama, maana mthamini ameona ufa. Ada, kwa bahati mbaya, hairudi. Ufa huo ndio uliomlisha, ukamvisha, na kumnunulia ile tai.

Ila mwaka huo alikuwa ametimiza hamsini na minne. Magoti yalianza kumsema. Benki alikuwa na pauni hamsini na nane elfu, akiba yote ya maisha ya kukimbia, na alitamani kitu kimoja tu: awe na jengo lake, lenye wapangaji wa kumletea kodi, na kibao cha shaba ukutani chenye jina lake. Tena jina la kweli. Mtu aliyeuza ndoto za kuta za wenzake miaka kumi na tisa hakuwa na hata ukuta mmoja wa kuegemea.

"Samahani, mama," alisema kwa upole. "Sikukusudia kusikiliza. Ila benki, hawa watu, hawana moyo."

Mwanamke aligeuka. Alikuwa na miaka kama sabini, koti la mvua, na macho ya buluu yasiyo na haraka. "Na wewe unao, kijana?"

"Ninao, na nina kadi." Akaitoa, yenye maandishi ya dhahabu.

Muriel Thirtle, mwenye mgahawa wa chai wa barabara ya ufukweni, aliitazama kadi ile muda mrefu kuliko kadi inavyohitaji kutazamwa. Kisha akaitia kwenye pochi na kuifunga, ko!

"Basi ninyweshe kitu," alisema. "Nahisi leo nimepata mtu."

Lionel aliagiza. Akiwa anasubiri, aliona ubao mweusi juu ya kaunta, umeandikwa namba kwa chaki kutoka juu kwenda chini: 64, 58, 51, 43, 34, 23.

"Mchezo wa vishale?" aliuliza. "Mbona mnazidi kushuka?"

Clive, mtu mnene wa maneno machache, alifuta glasi. "Misimu mibaya," alisema.

*

Jengo ambalo Muriel alisema anataka mkopo wa kulinunua liliitwa Kasri. Zamani lilikuwa ukumbi wa mashine za kamari. Sasa lilisimama jeupe kando ya barabara, maduka sita chini, vyumba juu, na madirisha ya nyuma yaliyogandwa na chumvi hadi kuwa kama maziwa. Mwenyewe, mzee Wilfred Utting, alikuwa na miaka themanini na mmoja.

"Amenipa mpaka Ijumaa saa sita mchana," alisema Muriel. "Elfu hamsini na tano."

Lionel alijikuna sikio ili asiruke. "Maduka sita kwa elfu hamsini na tano? Ana akili timamu?"

"Amechoka tu. Anataka akalale bila kuwaza. Ukisimama ndani humo, bwanaangu, unaisikia bahari kama iko sebuleni."

"Mandhari ya bahari huongeza asilimia kumi," alisema Lionel kitaalamu.

"Eeh? Kumbe!"

Kilichofuata ni taratibu. Lionel alimwita mthamini wake, Nev, ambaye alifika Jumanne na kigari cha kijani, akateremsha kioo, akapiga picha moja ya Kasri kwa mbele, na kupandisha kioo. Injini hakuizima.

"Hushuki?" aliuliza Muriel.

"Mama, mimi nathamini majengo, sitembei," alijibu Nev kwenye upenyo wa kioo. "Kushuka ni bei nyingine."

Kesho yake ripoti ilikuwa tayari, kurasa kumi na sita, na mhuri mwekundu. Lionel ndiye aliyemsomea Nev maneno kwa simu, kama alivyofanya siku zote: jengo imara, mazingira tulivu, bahari iko karibu. Thamani, pauni laki mbili na sitini elfu. Ripoti nono humfanya mteja aone ada ya elfu nne kuwa kama hela ya peremende.

Jumatano alasiri aliipeleka mgahawani. Muriel alimwandalia chai na sandwichi za kaa, akaenda jikoni kutafuta krimu. Mezani, katikati ya sukari na birika, kulikuwa na barua.

Miongoni mwa vipaji vya Lionel kimoja ni kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Barua ilitoka kampuni ya nyumba za magurudumu, zile zinazopangishwa watu wa likizo. Walitaka kujenga kijiji cha mapumziko, na kwa Kasri pamoja na kiwanja chake walikuwa tayari kutoa pauni laki tatu na elfu kumi. Tarehe hakuiona. Birika lilikuwa limekalia tarehe.

Muriel alirudi, akaishika barua kifuani kama msichana aliyefumaniwa. "Umeisoma?"

"Mimi? Nilikuwa natazama picha ya malkia pale ukutani."

"Afadhali. Maana mambo mengine ya biashara mtu anakaa nayo moyoni." Akamkatia keki. "Haya, hiyo ada yako. Nikulipe leo?"

Na hapo, wasomaji wangu, Lionel Prewett alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na tisa: alikataa pesa.

"Mama, tusiharakishe. Wale wa Jersey bado wanasoma. Jumatatu watakuwa na jibu."

"Jumatatu! Na Ijumaa saa sita nalipoteza!"

"Jipe moyo, mama," alisema, akimpigapiga mkono. "Mungu hamtupi mja wake."

Akatoka na keki mkononi. Elfu nne za nini, wakati laki tatu zimekaa barabarani zikipigwa na mvua? Na siyo pesa tu. Aliiona shaba ikimetameta ukutani. Angelinunua, angewaambia watu wa magurudumu wasubiri, angekaa miezi miwili akiitwa mwenye nyumba. Labda asingeuza kabisa. Usiku aliifungua tena ripoti ya Nev na kuisoma yote, kurasa kumi na sita, na kwa kuwa ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na mhuri mwekundu juu yake, aliiamini.

*

Alhamisi, bila kumwambia Muriel, Lionel alikutana na mwenye Kasri kwa wakili huko Norwich ili alinunue yeye. Mzee Utting alikuwa mdogo kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na alisikia kwa sikio moja, tena kwa kuchagua.

"Hamsini!" alisema Lionel, maana tabia haifi.

"Eti tano?" alisema mzee. "Ndiyo, hamsini na tano."

"Nimesema hamsini!"

"Na tano, nimekusikia, mwanangu. Huna haja ya kupiga kelele."

Wakili, bibi mmoja wa miwani, aliinua kalamu. "Bwana Prewett, kwa kawaida mnunuzi hupeleleza kwanza. Halmashauri wanasemaje, ardhi ikoje, na mkaguzi huingia ndani, akazunguka mpaka nyuma."

"Hiyo ni wiki tano!" Ile Ijumaa saa sita ilikuwa inamwakia kichwani. "Ripoti ninayo."

"Nani ameiandika?"

"Mthamini ninayemwamini kama ninavyojiamini mwenyewe."

"Basi utie sahihi hapa kwamba nilikuonya."

Akatia. Pesa zikahama kwenye benki yake na kuingia benki ya mzee kabla chai haijapoa. Mzee Utting alipokea mkono wake na kuushika kwa muda.

"Leo nitalala," alisema. Macho yalikuwa yamemlowa. Lionel alidhani ni uzee.

*

Jumapili Lionel alifika Kasri saa nne asubuhi, na kibao cha shaba, bisibisi na skrubu nne. Akakuta kijiji kizima mlangoni kwake. Watu kama sitini, na machupa ya chai, mabuti na mbwa, na Muriel Thirtle mbele na sinia la sandwichi.

Alijiandaa kwa matusi. Badala yake walimpigia makofi.

"Jirani mpya!" alisema Clive wa baa, na kumbe akifurahi anaongea. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu. Leo ni siku ya hatua."

"Hatua gani?"

"Jumapili ya kwanza baada ya bamvua la Oktoba, yale maji makuu. Mwenye Kasri ndiye anayepiga hatua, tangu enzi za babu zetu. Toa pauni moja uweke kwenye chupa, useme ngapi."

"Ngapi za nini?"

"Mimi nimesema kumi na moja," mwanamke mmoja alidakia. "Mume wangu kasema saba, ila yeye siku zote mtu wa mabaya."

Lionel aliona hizi ni mila za shamba, na mwenye nyumba lazima awe na subira na watu wake. Akatoa pauni yake. Vijana wa mashua za uokoaji wakaingia, wakasukuma mashine nne za kamari zilizoziba korido, wakaufungua mlango wa nyuma ambao Lionel hakuwahi kujua kama upo.

Upepo uliingia ukampiga usoni.

"Tembea moja kwa moja," alisema Clive. "Sisi tunahesabu."

Alitembea, kichwa juu, kifua mbele. "Moja!" kijiji kiliitika. "Mbili! Tatu!" Majani yalikuwa mazuri, mafupi. "Sita! Saba!" Mbele yake aliona bahari tu, na kwa kweli ilikuwa karibu. "Nane! Tisa!"

Mkono ulimvuta kwa mkanda wa koti.

Chini ya ncha za viatu vyake hapakuwa na kitu. Gema la udongo lilishuka wima mpaka ufukweni, na kule chini, mbali sana, mawimbi yalikuwa yanalamba nusu ya bafu la mtu na mashine moja ya kamari iliyolala chali. Tonge la udongo lilimomonyoka karibu na kisigino chake likaenda zake.

"Tisa!" alitangaza Clive. "Mwaka jana ishirini na tatu. Nani alisema tisa?"

Walitazama kwenye daftari. Aliyesema tisa alikuwa mzee Utting, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, akila sandwichi, uso wake mwekundu kama wa mtu aliyelala usiku tatu mfululizo.

Lionel alirudi mlangoni kwa magoti na viganja. Muriel alimpa kikombe cha chai.

"Barua," alisema alipopata pumzi. "Watu wa magurudumu."

"Ile? Ya miaka kumi na moja iliyopita. Huku nyuma kulikuwa na uwanja wa tenisi. Naiweka kwa kumbukumbu." Akamchomolea bahasha nyingine mfukoni mwa koti. "Hii ndiyo ya mwaka huu, kutoka halmashauri. Jengo libomolewe kabla ya majira ya kuchipua, lisije likaangukia watoto ufukweni. Gharama ni za mwenye nyumba. Elfu arobaini. Imemkosesha usingizi kaka yangu tangu Pasaka, na benki wakanikatalia mara tatu mkopo wa kulibomoa."

"Kaka yako nani?"

"Wilfred. Thirtle ni jina la marehemu mume wangu."

"Mwizi wewe!" Lionel alisimama, chai ikamwagika kwenye tai ya hariri. "Ninyi nyote! Nitawapeleka mahakamani!"

"Peleka ripoti yako," alisema Muriel. "Hakimu atapenda ule ukurasa wa 'jengo imara'." Kisha akafungua pochi na kutoa kadi mbili za maandishi ya dhahabu. Moja ilikuwa mpya. Ya pili ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. "Hii nimeichukua kwa binti yangu, Tamsin. Huko Lincolnshire, miaka miwili sasa. Alitaka duka la kufinyangia vyungu. Elfu nne na mia tano zake. Unamkumbuka?"

Lionel alijaribu, kwa dhati kabisa. Hakumkumbuka.

"Nilijua," alisema Muriel. "Usijali, Wilfred ameshamtumia zake Alhamisi ileile."

"Mama." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ni akiba yangu yote. Nirudishie hata nusu."

Muriel alimtazama kwa huzuni ya msibani, aliyokuwa ameifanyia mazoezi ya kutosha.

"Ningekurudishia, mwanangu. Tatizo ni kwamba mthamini ameona ufa."

Kijiji kilicheka mpaka mbwa wakabweka. Kisha wakaondoka kwenda Dema kuandika tisa ubaoni, wakimwachia sandwichi mbili kwenye sahani, maana hawakuwa watu wabaya.

Lionel alibaki kizingitini na kibao chake cha shaba. Alikaa sana. Halafu, polepole, kama jogoo anayenyoosha shingo, akili yake ilisimama tena. Ukilitazama kutoka barabarani, jengo bado lilikuwa jeupe. Bado lilikuwa na maduka sita. Na mji mkubwa ule wa London umejaa watu wenye pesa wanaoota bahari. Kilichohitajika ni ripoti mpya, lakini safari hii ya kweli kidogo, yenye picha za ndani. Akampigia Nev.

"Njoo Kasri," alisema. "Ila leo ushuke garini."

Kwenye simu injini ilisikika ikinguruma kwa mbali.

"Kushuka ni mia mbili," alisema Nev. "Na ada yangu, kaka, unalipa kwanza."