Kaburi Lenye Kufuli

Walisema sitaweza. Leo nimewapa ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe, na kabla hamjausikia kutoka kwa wengine, bora mnisikie mimi.

Aliyeanza ni mjomba wangu wa Msamala. Kwenye sherehe ya kipaimara cha binti yake, mbele ya ukoo mzima, aliniuliza: "Fidelis, nani atoke kwao alipe nauli kuja kuangalia kaburi? Kwao hawafi?" Watu walicheka mpaka mpiga picha akaacha kupiga picha.

Kwa wasionifahamu (najua ni wachache), mimi niliondoka Songea na begi la kuazima. Arusha nilianza kwa kuosha magari ya watalii, nikabeba mizigo yao, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya uongozaji watalii. Stashahada, siyo cheti. (Iko ukutani sebuleni. Mgeni anaiona kabla ya kuniona mimi.) Nimerudi nyumbani na gari langu la Noah na wazo ambalo hakuna aliyekuwa nalo: ziara ya makaburi ya watu mashuhuri wa Ruvuma. Kaskazini wana wanyama, sisi tuna mashujaa. Simba unaweza kumtafuta kutwa usimwone. Shujaa aliyezikwa hahami. Hiyo ndiyo kauli ya biashara yangu, na nimeitunga mwenyewe.

Leo nilipata kikundi changu cha kwanza. Walimu wastaafu kutoka Iringa, wamejaa Noah nzima. Kiongozi wao ni Mama Kikoti, aliyefundisha historia maisha yake yote na ambaye mpaka leo akikuuliza swali unajikuta unasimama. Asubuhi kabla ya kupanda gari alinieleza wazi. Vikundi vya wastaafu kama chao viko kila wilaya huko kwao, na vyote vinasubiri neno lake. Akiridhika, nitakuwa na wageni mwaka mzima. Asiporidhika, ameshukuru kwa chai.

Mnaelewa sasa nilikuwa nimebeba nini leo.

Halafu ni Wahehe, na mimi Mngoni. Sisi na wao ni watani tangu mababu walipochoka kupigana, kwa hiyo safari ilianza kwa matusi, kama inavyotakiwa. Mama Kikoti aliuliza kama gari lina breki au Wangoni bado wanasimamisha vitu kwa ngao. Nikamjibu kwamba ngao zipo, ila Wahehe huwa wanakimbia kabla hatujazitoa. Mambo yalikuwa mazuri.

Tulianza pale mjini, kwenye makumbusho ya Majimaji. Jamani, niliongea. Niliwaonyesha kaburi la pamoja la wale walionyongwa na Wajerumani, nikawaonyesha la nduna, yaani jemadari wa Kingoni, aliyezikwa peke yake, nikawaeleza kwa nini. Mama Kikoti alivua miwani akaifuta. Kama ningewarudisha hotelini wakati ule, sasa hivi ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Lakini mimi sikusoma ili nionyeshe watu kile ambacho kila mtu anakionyesha. Niliwaahidi kaburi la Nduna Ngalapa, huko ndani, ukiacha barabara ya Peramiho. Alipigana mpaka mwisho, na watu wa mjini wengi hawajawahi hata kumsikia.

Tuelewane hapa. Kaburi hilo nilikuwa sijafika. Nilipanga kwenda kulikagua, mvua ikanyesha wiki nzima, na Noah ni mpya (kwangu). Nikampigia simu binamu yangu anayelima huko. Akaniambia nipite shule, niingie kushoto katikati ya mahindi, makaburi nitayaona. Nikamuuliza la nduna nitalijuaje. Akasema ni la mtu mkubwa, siwezi kulikosa.

Sikulikosa.

Makaburi mengi pale ni tuta la udongo na msalaba wa mbao uliolala upande. Katikati yake likasimama moja. Vigae vyeupe kuanzia chini hadi juu. Paa la bati jekundu. Minyororo pande zote, kibao cha marumaru chenye msalaba kichwani, na ubavuni kijimlango cha chuma. Nikajiambia, mtu mkubwa huyo hapo. Nikalielekea bila kupunguza mwendo, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba mwongozaji akisita, wageni wanaacha kumwamini.

Mama Kikoti akaanza. Nduna wa jadi, msalaba ameupata wapi? Nikajibu kwamba wengi wao walibatizwa muda mfupi kabla ya kunyongwa. Hilo ni kweli, mtu yeyote aliyesoma historia yetu anajua. (Nilijipongeza kimoyomoyo.)

Mzee mmoja katikati yao akagonga kigae kwa fimbo, akasema bafuni kwake viko vile vile. Nikasema ukoo umelikarabati.

Na kibao mbona hakina jina? Hapo nilisita, lakini kidogo sana. Nikasema Wajerumani walipiga marufuku jina lake kuandikwa popote, na ukoo mpaka leo unautunza ukimya ule kama ukumbusho. Niliposema hivyo niliona watu wanatikisa kichwa kwa uchungu. Nami nikaanza kuamini.

"Na kufuli?" akauliza Mama Kikoti.

Kweli, kijimlango kilikuwa na kufuli. Kubwa, jipya, la shaba. Nikawaeleza kwamba Wajerumani walikuwa wanachukua mafuvu ya mashujaa wetu na kuyapeleka kwao, ndiyo maana ukoo uliapa kwamba mzee huyu hataguswa tena na mtu. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akasema "masikini," akafungua pochi kutafuta kitambaa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Sikunyamaza. Nikavua kofia, nikapiga magoti kwenye matope na suruali yangu ya kaki, nikaomba dakika moja ya heshima, halafu badala ya kuwaachia hiyo dakika nikaijaza mimi. Nikasema hapa amelala simba. Nikasema alikula jasho lake mwenyewe na hakumwinamia mtu yeyote. Nikasema alipopelekwa kunyongwa aligeuka mara moja tu, akawaangalia watoto wake, akatabasamu. (Sijui nilikotoa tabasamu.) Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta kamasi. Nikasikia na mwingine anakohoa. Nikaongeza sauti.

Nilipofumbua macho, mbele yangu kulikuwa na mabuti ya mvua.

Juu ya mabuti alikuwepo mzee mnene, mwenye koti la suti, ameshika ufunguo uliofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, mzee," nikasema, bado nimepiga magoti.

"Marahaba. Sogea kidogo, baba, nifungue."

Nikamnong'oneza kwamba hili ni kaburi la nduna na kuna wageni wanatoa heshima zao. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za mvua. Akatia ufunguo, akafungua kijimlango, akainama, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta mfuko wa mbolea. Akauweka pembeni. Akavuta wa pili.

Yule mama alikuwa bado ameshika kitambaa puani.

"Mzee," akasema Mama Kikoti taratibu, "mbolea hiyo ni ya nduna?"

"Ya mahindi."

"Na kaburi?"

"La kwangu."

Anaitwa Mzee Komba. Alieleza bila haraka, akikung'uta mikono. Watoto wake wako Dar es Salaam, na yeye hawaamini hata kidogo. Anajua akifa watamfukia chini ya tuta kama muhogo, halafu michango ya rambirambi wataila. Kwa hiyo amejijengea mwenyewe akiwa na nguvu zake. Jina hajaliandika kwa sababu hajafa. Na ghala lake linavuja, sasa chumba kizuri kama hiki kikae bure kwa nini?

Kisha akanigeukia. Akasema amenisikiliza tangu nilipoanza, amesimama pale kwenye mahindi. Alidhani ni watoto wake wametuma mtu kufanya mazoezi ya kumzika.

Nilitaka Mzee Komba anifungulie kijimlango niingie mimi.

Na bado. Kumbukeni niliokuja nao ni akina nani.

Mama Kikoti aliweka pochi chini, akafunga khanga kiunoni, akajitupa juu ya vigae. "Komba, umetuacha na nani! Umeenda na mbolea yako!" Walimu wote wakamfuata. Watu wazima, wenye pensheni. Yule mzee wa fimbo akakaa juu ya mfuko wa mbolea akatangaza kwamba umekamatwa na hautoki mpaka waombolezaji wale. Mwingine akaanza kumsimulia marehemu: kwamba alikuwa bahili, kwamba vitani alikwenda na sufuria tu, kwamba sura hii hata kaburi litaikataa. Marehemu akiwa amesimama pale pale, anasikiliza.

Mzee Komba, Mngoni kama mimi, asingeweza kuwakasirikia. Mtani akiwa msibani hakasirikiwi, hiyo ni sheria ya zamani kuliko serikali. Hasira zote ikabidi zitafute mtu mwingine wa kukaa naye.

"Wewe ni Mngoni?" akaniuliza.

Nikakubali.

"Na unajua ukileta watani kaburini umefungua msiba?"

Najua! Kila mtoto wa huku anajua. Tangu asubuhi nilikuwa natukanana nao kwa furaha, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba nawapeleka watani makaburini. Niliwaona ni wateja. Arusha nimejifunza kumtofautisha chui na duma kwa mbali, lakini hili likanipita.

"Basi msiba ni wako," akasema Mzee Komba. "Walishe."

Nikanunua jogoo. Nilimnunua kwa Mzee Komba mwenyewe, kwa bei aliyoitaja marehemu, na marehemu hakutaka kupunguza. Jogoo mmoja hakutosha, nikanunua na wa pili. Mkewe Mzee Komba alipoambiwa sasa ni mjane aliuliza tangu lini, akaendelea kuchekecha unga. Mimi ndiye niliyepuliza moto. Kuni mbichi, moshi mtupu, na kofia yangu ya kitaalamu ndiyo iliyotumika kupepea. Waliokuwa wamekaa kivulini walikuwa wanaimba nyimbo za msiba na kuuliza mpishi ana stashahada ya nini.

Wakati huo huo mmoja wao alikuwa amesharusha video. Sijui imefikaje Msamala kabla ya ugali kuiva, lakini mjomba akapiga simu. Sikupokea. Akatuma ujumbe: "Marehemu ameshakula?"

Alikuwa anakula. Alishika paja.

Tulipomaliza, Mama Kikoti akanawa mikono, akauliza kwa sauti nyingine kabisa nduna mwenyewe yuko wapi. Mzee Komba akatuongoza katikati ya mahindi mpaka kwenye rundo dogo la mawe, majani yamelizunguka. Akasema waliambiwa ni hapa. Au pale kwenye mti. Babu yake alikuwa anaonyesha kwa kidole, na kufikia siku hizo kidole kilikuwa kinatetemeka. Nikamuuliza mbona binamu yangu alisema siwezi kulikosa. Akasema binamu yako naye ameonyeshwa na mimi.

Walimu walisimama muda, mahindi yanapiga kelele kwa upepo. Jiwe moja lilikuwa limeporomoka, Mama Kikoti akaliokota akalirudisha juu. Mimi sikuombwa kusema chochote. (Ningeweza.)

Tulipokuwa tunaondoka, Mzee Komba akanivuta pembeni. Nilijua nakaripiwa. Kumbe hotuba ilimpendeza. Akaniagiza nisiisahau, ila nirekebishe: ile ya kunyongwa niitoe, ya simba niiache, na niongeze kwamba mashine ya kwanza ya kusaga kijijini pale ameileta yeye. Tabasamu nalo libaki.

Njia nzima mpaka mjini nilimtazama Mama Kikoti kwenye kioo cha gari. Wenzake wamelala, wameshiba kuku wangu. Nilijaribu kusoma uso wake kama tulivyofundishwa kusoma nyayo, nikaona miwani tu.

Mbele ya hoteli akashuka wa mwisho. Akaegemea dirisha.

"Kijana, historia unaibahatisha. Lakini msiba umeuendesha vizuri sana. Tumekubaliana kule kule kwa Komba, tutarudi. Na wa Mufindi tutakuja nao, na wa Kilolo. Noah haitatosha, tafuta basi."

Karibu nimbusu mkono. Nikamuuliza lini, ili nianze maandalizi.

"Siku Komba akifa kweli," akasema. "Wewe ndiye utakayetubeba."

Nikamuuliza, na kabla ya hapo? Akashangaa kabisa. Kabla ya hapo waje kufanya nini?

Kwa hiyo, ndugu zangu, hali ya biashara ni hii. Nina oda ya basi zima, imethibitishwa, wateja wana hamu. Tarehe haijulikani. Na mhusika nimemwacha jioni hii anapandisha kilima na mfuko mzima wa mbolea begani, anapiga mluzi.

Namwombea maisha marefu. Ila kati yenu akitokea atakayemsikia anakohoa, aache kwanza kunicheka, anipigie.