Ombi la Kufungwa kwa Darasa Linalomfundisha Mama Mkwe Wangu Kuvua Besi Weupe

Kwa Msimamizi wa Ziwa Kettle Fork,
Oklahoma.

Ndugu Msimamizi,

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini mimi bado sijajieleza, kwa hiyo naomba uketi.

Jina langu ni Royce Tackett, mkazi wa ukingo wa kusini, nyumba ya kijani yenye boti uani. Boti unaijua. Ni ile nyekundu inayometameta, yenye injini ambayo watu wa ukingo wa kaskazini huisikia wakiwa kanisani. Mimi ni mvuvi wa besi mdomo-mpana tangu ujana wangu, yaani yule samaki mkubwa, wa heshima, anayekaa peke yake chini ya magogo na kukataa chambo chako kutwa nzima bila kukupa sababu. Huo ndio uvuvi niliolelewa nao. Unaondoka alfajiri na kofia safi, unarudi jioni na kofia chafu, na katikati hapo hakuna kilichotokea. Mtu anapata tabia njema.

Sasa nikueleze lililo moyoni, maana bila hilo utaniona mtu wa fitina tu. Ukoo wa mke wangu Glenda hukutana kila tarehe Nne Julai, sikukuu ya uhuru, nyuma ya nyumba ya mama yake, Bi. Verdie Stroud, kukaanga samaki. Lipo sufuria la chuma la marehemu baba mkwe wangu, Orville, linalobebwa na watu wawili, na lina sheria yake: aliyeleta samaki ndiye anayeshika sufuria. Mshika sufuria husimama motoni na koleo lake, huchovya minofu kwenye unga wa mahindi, hupiga soga apendavyo, na hakuna anayethubutu kumtuma. Wengine wote hubeba barafu, hupanga viti na kufukuza nzi kwenye kachumbari ya kabichi. Tangu Orville afariki, sufuria nimeshika mimi, kwa samaki wachache lakini wenye hadhi. Nikisimama pale najiona mtoto wa nyumba ile. Kwingine kote mimi ni mume wa Glenda.

Mwaka huu sina samaki hata wa kuonjesha paka. Mama mkwe wangu ana friza nzima, na waliomfundisha ni ninyi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Darasa lenu linafundisha watu kukamata samaki. Najua inasikika ajabu, lakini nivumilie. Kazi ya darasa la wanaoanza ni kuanza. Mtu afundishwe kufunga fundo, lifunguke. Ndoano imnase kofia, kisha mkono wa shati, kisha jirani yake. Arudi nyumbani amekata tamaa, ajue maji yana wenyewe. Mimi nilianza hivyo na ninaendelea hivyo. Lakini mwalimu wenu, Bw. Wendell Yahola, anampa mgeni fimbo nyepesi ya kuvulia na chambo cha kijisamaki cha bati cheupe, kidogo kama kidole, anamwambia, “Tupa pale, kiache kizame kidogo, halafu vuta taratibu,” na kabla mgeni hajauliza taratibu ndiyo vipi, tayari yeye ndiye anayevutwa. Hiyo si elimu. Ni kuwadekeza watu wazima.

2. Besi mweupe mwenyewe hana staha. Anatembea kwa makundi kama watu wanaokwenda harusini, anafukuza dagaa mpaka juu ya maji mchana kweupe, kila mtu anaona, na anauma chochote kinachong'aa. Siku moja kijisamaki cha mama mkwe kilikatika, akafunga ndoano kwenye kifungo cha koti lake, na bado akampata. Mimi nimekuwa nikimbembeleza besi mdomo-mpana mmoja kwenye gogo la ghuba ya magharibi tangu binti yangu yuko chekechea. Sasa binti ameolewa, na samaki yule hajanijibu. Halafu linakuja jitu linalouma vifungo, na watu wanalipigia makofi.

3. Shakwe. Nimewachunguza kwa darubini nikiwa barazani, na sina shaka tena kwamba ni watumishi wa darasa hilo. Samaki wakiibuka upande wa ukuta wa ziwa, shakwe wanakwenda ukutani na kupiga kelele. Wakihamia kwenye mchanga, shakwe nao wanahamia. Wanafunzi wa Bw. Yahola wanatazama juu, wanaona ndege wanajitupa majini, basi wanajua pa kwenda, kama mtu aliyeandikiwa anwani. Naomba kujua ndege hawa waliajiriwa lini, nani aliwahoji, na kwa nini nafasi hizo hazikutangazwa kwa wakazi.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na naomba ulisome polepole. Samaki wamefundishwa kunitambua. Nimelithibitisha mara nyingi mno hata haliwezi kuwa bahati mbaya tu. Nawaona shakwe, naona maji yanachemka kwa samaki, naona mashua ndogo za wanafunzi wenu zimetulia kandokando, wote wanavuta, wote wanacheka. Nawasha injini. Nafika kwa kasi ya kutosha, maana samaki hawamngoji mtu, na naingia katikati kabisa, pale pale wanaporuka, ili nisikose. Na papo hapo maji yanatulia. Kimya. Hata dagaa haonekani. Nimezunguka pale katikati mara kadhaa nikiwatafuta, na injini ikiwaka muda wote ili niwe tayari, lakini wapi. Wamezama, na wamezama kwa sababu yangu, mimi binafsi, Royce Tackett. Tangu lini samaki akamjua mtu kwa jina?

Katika jambo hilo hilo nataka nitoe shukrani, kwa sababu sina chuki na mtu. Kila nikifika, watu wa kwenye mashua zile husimama na kunipungia mikono yote miwili. Wengine huvua kofia na kuzipunga. Mzee mmoja alinipungia kasia. Sijawahi kupokewa hivyo popote, na mimi huwapungia vilevile na kuwapigia honi. Mama mkwe huwa anapaza sauti kuniambia jambo fulani, lakini kwa injini ile husikii kitu. Jioni alinieleza mwenyewe, jikoni, mbele ya watu: “Royce mwanangu, samaki wamekukosea nini mpaka unawafukuza hivyo?” Sikumwelewa. Nilimjibu kwamba mimi nawafuata, siwafukuzi. Akamtazama Glenda, Glenda akatazama dari, wote wawili wakatoka nje, na nikawasikia huko uani wakicheka mpaka mbwa akaanza kubweka.

5. (Hili lilipaswa kuwa la kwanza ila hasira zilitangulia.) Sifa. Nilipoingia juzi kwenye duka la chambo, ambako kwa miaka mingi nimekuwa nikiulizwa mambo mazito ya besi mdomo-mpana, muuzaji aliniuliza, “Mama mkwe wako hajambo? Mwambie atuachie na sisi.” Nilinunua kijisamaki cha bati cheupe. Kwa ajili ya uchunguzi. Akanifungia kwenye karatasi akasema, “Mama mkwe wako atakifurahia hiki.” Sikumrekebisha. Mtu mzima hufika mahali akaona bora atoke tu dukani.

Mke wangu naye amegeuka. Zamani nikirudi mikono mitupu alikuwa akisema, “Pole, baba, kesho.” Sasa anasema, “Boti yako ina viti vizuri kuliko sebule yetu, mume wangu, si tuikalie nyumbani, na kuvua tuvulie mashua ya darasa la mama?” Na juzi alitaja sufuria. Alisema, kama anayezungumzia hali ya hewa, “Mama ana samaki wengi mwaka huu, itabidi mtu ambebee barafu.” Alinitazama alipotamka “mtu.” Usiku huo sikula, Ndugu Msimamizi, na chakula kilikuwa samaki.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya: darasa lifungwe mpaka baada ya sikukuu. Kama hilo haliwezekani, wanaoanza wakatazwe kukamata chochote mpaka wawe wameteseka kwa muda unaofaa, nami najitolea kuwa mkaguzi wa mateso hayo. Kama hilo nalo ni gumu, besi weupe wahamishwe ziwa jingine pamoja na shakwe wao. Na ikiwa yote yanashindikana, Bw. Yahola awaite samaki awaeleze waziwazi kwamba mimi ni mkazi, nalipa leseni, na nina haki ya kutozamiwa.

Nisingependa jambo hili lifike mbali. Bw. Yahola mwenyewe ni mtu wa watu. Nilipomfuata gatini kumweleza nia yangu ya kuandika, alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema, “Karibu darasani, Mzee Tackett. Kiti kipo. Tunaanza na namna ya kufika.” Nilimwambia kufika najua, mimi ndiye ninayefika kuliko wote. Akasema, “Hilo tumeliona.” Nililichukua kama sifa.

Mwisho, nisalimie wote hapo ofisini, yule dada wa leseni anayenicheka kwa adabu, mafundi wa gati, mlinzi wa lango na mbwa wake. Nisalimie pia watu wa mashua ndogo, na uwaambie nimeona upungaji wao na nimeguswa. Shakwe usiwasalimie.

Ni mimi, jirani yako wa ukingo wa kusini, ninayesubiri majibu kwa heshima zote na sufuria rohoni,

Royce Tackett

N.B. Nilikuwa na barua hii mfukoni, naenda kuiposti, nikaona shakwe wanashuka kwenye ghuba ya magharibi. Nikasema nipite mara moja nipate ushahidi wa mwisho. Nikashusha boti majini, nikawasha injini, nikaenda kama kawaida yangu, na kabla sijafika, nikiwa bado mbali, injini ikakohoa ikazimika. Nikaiwasha, wapi. Upepo ukaanza kunisukuma pole pole kuelekea kwenye ndege. Nimekaa pale nimeshika shavu, nikasikia maji yanachemka kulia, kisha kushoto, kisha chini ya kiti changu. Samaki walikuwa wamenizunguka. Hawakunijua kabisa. Nilikifungua kile kijisamaki cha uchunguzi kwa meno, nikatupa, nikakiacha kizame kidogo, nikavuta taratibu. Ndugu Msimamizi, nimevua mpaka mkono ukafa ganzi nikabadili mkono. Nimecheka peke yangu ziwani kama mwehu. Boti imejaa magamba mpaka kwenye vile viti vizuri, na sitaki mtu ayafute.

Nilipotulia nikaukuta mpira unaopeleka mafuta kwenye injini umechomolewa, kumbe nilikuwa nimefika kwa yaliyobaki ndani, na mwisho wake umefungwa kwa utepe wa cherehani usivuje. Utepe ule naujua, ni wa mama mkwe. Mwenyewe alikuwa kwenye mashua ya darasa, upande wa pili wa samaki, ameketi na kofia yake ya kanisani. Kwa mara ya kwanza pale ziwani, injini ikiwa kimya, nilisikia anachosema: “Orville naye alikuwa hivyo hivyo, mwanangu. Mpira wa injini yake niliuchomoa mwaka tuliooana.” Kisha akaniambia sufuria nishike mimi, yeye hapendi moshi, alikuwa anangoja tu mtu mwingine alete samaki wa kutosha watu wote. Nilimpungia mikono yote miwili.

Kwa hiyo tafadhali ichane barua hii, yote, isipokuwa salamu, na shakwe nao wasalimie. Mwambie Bw. Yahola aniwekee kile kiti Jumamosi. Nitakuja kwa kasia.