Ombi la Kinyozi Kuhusu Upondo na Mbio Ndefu

Ndugu Katibu wa Klabu ya Riadha,

Nakusalimu kwa heshima zote, hata baada ya tangazo lako la Jumatatu, ambalo halikunibakishia heshima nyingi. Natumaini u mzima, na bega linaendelea vizuri, maana kocha wa tufe bila bega ni mtazamaji tu kama wengine. Mimi pia ni mzima, kuanzia shingoni kwenda juu.

Tangazo nimeliona. Umelibandika mlangoni, pale pale wanachama wanapokwenda kunywa maji, na linasema kwamba "mwanachama mmoja, ambaye ni kinyozi" anafanya mazoezi ya matawi mawili kinyume cha utaratibu, hivyo achague moja kabla ya Ijumaa, la sivyo ataondolewa kote kuwili. Nakushukuru kwa kutonitaja jina. Lakini klabu nzima ina kinyozi mmoja, naye ndiye aliyekunyoa wewe juzi, ukakaa kitini kimya na shuka shingoni kama mtu asiyejua lolote.

Huenda hujui vizuri hali yangu, kwa hiyo nakueleza. Kocha wa upondo, yaani huo mti mrefu unaopinda ambao watu huegemea ili waruke juu ya ufito, ni mke wangu. Kocha wa mbio ndefu ni kaka yake, shemeji yangu, ambaye hula chakula cha jioni kwetu kila siku aliyojaliwa na Mwenyezi Mungu. Upondo una mwanafunzi mmoja tu, mimi, na nikitoka, lile godoro la kuangukia litapewa wapiga mieleka, ambao wameshaanza kulipapasa. Mbio ndefu nazo zinahitaji kikosi cha watu watano, na wa tano ni mimi. Wewe umedhani umeniambia nichague mchezo. Umeniambia nichague nani aninunie mpaka uzeeni, mke au shemeji. Naipenda nyumba yangu, Ndugu Katibu, na ninaogopa. Nimelisema hilo mapema usije ukadhani yanayofuata ni utani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Makocha wako hawajakaa pamoja wakakubaliana mtu anakimbiaje. Shemeji amenifundisha kwa muda mrefu kwamba mbio ni subira: anza taratibu, vuta pumzi kwa pua, wenye pupa waache watangulie, utawakuta mbele wamekaa chini. Nikayashika. Siku yangu ya kwanza ya upondo nikaambiwa nikimbie ndipo niruke. Basi nikaanzia langoni, kwenye dirisha la tiketi, ili mwili upate moto. Nilipokikaribia kile kishimo cha kuchomekea upondo nilikuwa nakwenda vizuri sana, pumzi imetulia, na nikasogea pembeni kidogo kumpisha binti mmoja aliyekuwa akija nyuma. Nikachomeka. Upondo ukasimama wima, mimi juu yake, tukatafakari kwa muda, kisha ukanirudisha nilikotoka. Mke wangu akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza maji: "Baba watoto, unaruka au unakwenda sokoni?" Swali hilo halikuwa la kiufundi.

2. Baada ya hapo nikafundishwa kukimbia kama mwizi, na kuinua mikono miwili juu ya sikio nikikaribia mwisho. Nikayashika na hayo. Kwenye majaribio ya mbio ndefu, nilipoiona kamba ya kumalizia, mikono ikapanda yenyewe, nikachomeka upondo ambao sikuwa nao, nikaruka. Nilitua juu ya meza ya mtunza muda. Mtunza muda alitoka pale kwa kasi ambayo hata saa yake mwenyewe haikuweza kuipima, na hadi leo ananisalimia akiwa mbali. Nauliza: ni nani aliyeiweka meza mahali ambapo mwanafunzi anaweza kutua? Si mimi. Napendekeza kila mbio ndefu imalizikie kwenye godoro.

3. Chakula. Mke wangu ananiongezea nyama, kwa sababu upondo unataka mabega. Kaka yake anainyanyua ile nyama na kuihamishia kwenye sahani yake, kwa sababu mbio zinataka wepesi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimeshiba. Shemeji, nakujulisha, ameota mabega.

4. Stoo ya klabu kufuli lake limekufa tangu enzi za katibu aliyekutangulia, kwa hiyo upondo unalala kwetu. Haukunjwi wala haukati kona. Unaingilia dirisha la jikoni, unapita sebuleni, na kichwa chake kinaishia chini ya kitanda chetu. Tangu uhamie, mlango wa chumba haufungi. Mimi na mwenzangu sasa tunazungumza mambo ya ndani kwa ishara, na upande wa pili wa mlango shemeji anatazama taarifa ya habari akiwa ameegemeza miguu yake juu ya mali ya klabu.

5. Kazini mambo ni mabaya zaidi. Asubuhi miguu imechemshwa na mbio, jioni mikono inatetemeka kwa upondo, na kinyozi, kama unavyojua, anahitaji vyote viwili. Kuna wateja walioondoka na paji la uso refu kuliko walilokuja nalo. Mmoja ni mwalimu wa dini, naye alinisamehe, lakini alinisamehe mbele ya foleni.

6. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wateja, mlinzi wa lango, na mama mkwe kwa njia ya simu, wote wananiambia neno moja: mshika mbili, moja humponyoka. Nimeichunguza methali hiyo kwa vitendo. Aliyeitunga hakuwahi kushika upondo. Ushike kwa mkono mmoja uone nani ataponyoka. Wewe nakusamehe, kwa sababu tufe hurushwa kwa mkono mmoja na likishaondoka limeondoka, halikufuati nyumbani. Lakini naomba methali hiyo ipigwe marufuku ndani ya uzio wa uwanja, angalau saa za mazoezi.

Kutokana na hayo, naomba niruhusiwe kuendelea na matawi yote mawili. Kama hilo ni gumu, naomba ufito uteremshwe hadi kimo ambacho mwanafunzi ameshaonyesha kukimudu, yaani gotini, ili nifaulu haraka na kupata muda wa kukimbia. Na kama hilo nalo ni gumu, nina njia isiyovunja utaratibu wowote: mbio za mita elfu kumi zihesabiwe kuwa ndizo mbio za kurukia. Tukimbie mizunguko yote tukiwa na upondo begani, na atakayemaliza aruke. Hapo litakuwa tawi moja, lenye makocha wawili wa tumbo moja, nami nitakuwa nimechagua moja kama ulivyoagiza. Watakaogongwa kwenye kona watazoea.

Nangoja jibu lako kabla ya Ijumaa, maana jioni hiyo tutakuwa mezani watatu na sitakuwa na pa kutazama. Nisalimie mkeo na watoto, mlinzi wa lango, muuza maji, na mtunza muda, mwambie anaweza kusogea. Wapiga mieleka wasalimie pia, lakini kwa mbali na godoro.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, niliye tayari kukunyoa bila kinyongo,

Kinyozi

Tanbihi: Nilikwenda kutafuta bahasha, niliporudi nikamkuta mke wangu amemaliza kuisoma barua hii. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akamwita kaka yake, naye akaisoma, lakini yeye hakucheka, alitazama dari. Ndipo yakatoka. Kumbe waliokuja ofisini kwako kuomba lile tangazo ni wao, kila mmoja kwa siku yake bila mwenzake kujua. Mke wangu alitaka nichague mbio. Shemeji alitaka nichague upondo. Kuna watu wanne wanaotaka kujifunza upondo, wanangoja tu niache kuanguka. Mtu wa tano wa mbio ndefu naye keshapatikana, ni yule mtunza muda, shemeji alimwona siku ile akiikimbia meza. Sasa nauelewa ukimya wako kitini.

Sikufichi, niliumia. Kwa wiki zote hizo nilikuwa navunja mwili ili nisimvunje mtu moyo, na mioyo yenyewe ilikuwa inaniombea njia ya kutoka. Tulikaa kula. Mke wangu akaniwekea nyama, kipande kikubwa, na kaka yake hakukigusa. Nilikimaliza chote, nikaona si vibaya.

Kwa hiyo ombi langu lifute. Upondo nimeacha na mbio ndefu nimeacha. Ila uanachama wangu bado ni halali, na mwili umeshazoea kuamka alfajiri. Nimeulizia kama kuna kocha katika klabu hii ambaye si ndugu wa mke wangu, nikaambiwa yuko mmoja tu, wa tufe. Uliniandikia nichague moja, nami nimechagua.

Tuonane Jumatatu, Kocha. Tafadhali usisimame mbele yangu, wala nyuma.