Mjane wa Asubuhi Moja

Serikali iliitaifisha nyumba ile kwa hotuba ndefu, ikaikalia miaka arobaini bila kupigilia hata msumari, kisha ikabandika tangazo: warithi wa mwenye nyumba wajitokeze, warudishiwe mali yao. Profesa, ambaye shule aliiona kwa nje, alilisoma mara mbili. Akaulizia, akaambiwa mwenyewe alifia ng'ambo bila mke wala mtoto. Kufika adhuhuri, Profesa alikuwa mjukuu wake.

Vyeti alijitengenezea. Kilichokosekana ni mzee wa ukoo wa kumtambua, basi akaenda kubisha chumba cha chini cha nyumba hiyohiyo, kwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyepanga hapo tangu ujana.

"Shikamoo mama. Nataka uwe bibi yangu kwa asubuhi moja tu."

"Marahaba. Na nyumba ukishaipata, mimi nitakaa wapi?"

"Hapahapa. Nani atakugusa?"

Mwongo mkubwa. Nyumba alishamuuzia mwenye bucha, kwa sharti kwamba wapangaji wote watoke. Fundi alilijua hilo, maana mwenye bucha alishakuja kupima chumba chake kwa hatua, apate pa kuweka majokofu, na salamu hakutoa.

"Haya," fundi akasema. "Ngoja nichukue miwani."

Ofisini Profesa alimvutia bibi yake kiti, akakipangusa vumbi, akaapa kwa sauti ya msibani: "Huyu ndiye mjane wa marehemu babu, wa ndoa halali. Ndiye aliyenilea." Akatia sahihi na dole gumba. Fomu ilikuwa na kurasa tatu, na yeye kazi yake ni kughushi fomu, si kuzisoma. Fundi alizisoma zote.

Ofisa akagonga mhuri. "Mjane akiwa hai, nyumba ni yake. Mjukuu atasubiri." Akamsogezea bibi hati na funguo.

Profesa akadakia. "Mheshimiwa, huyu mama kwa kweli..."

"Kwa kweli nini? Umeapa uongo?" Mkono wa ofisa ulikuwa tayari kwenye simu.

"Kwa kweli anastahili."

Fundi akampapasa kichwani. "Ana adabu sana, mjukuu wangu."

Nje, mwenye bucha alikuwa amesimama akisubiri funguo za nyumba aliyokwisha kuilipia. Fundi alizitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Ingia tu, mwanangu," akamwambia. "Unayemtafuta yumo ndani, na mlango ni huu mmoja."