Marehemu Mama Mkwe Aomba Chai

Jumamosi, 6 Julai 1974

Muriel amehama. Hakwenda mbali. Amehamia nyumba ya pili, kwa dada yake Edna, ambako ukuta wao ndio ukuta wetu, mwembamba kama biskuti. Kachukua sanduku, mto wake na birika la umeme. Nachemshia maji kwenye sufuria.

Chanzo ni shada la maua. Alhamisi nilitaka kwenda Manchester kuangalia kriketi. Bwana Crabtree, meneja wetu wa duka la viatu, hampi mtu ruhusa kwa ajili ya kriketi. Basi nikamwambia nimefiwa na mama mkwe. Ulimi uliteleza tu, sina ugomvi na bibi wa watu. Nani alijua kwamba duka zima lingechanga? Shada likapelekwa kwa wafiwa, na wafiwa ndio hao wa nyumba ya pili, na aliyefungua mlango ni mama mkwe mwenyewe, anayeishi hapo kwa Edna. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasoma kadi: Pumzika kwa amani, Ethel. Akauliza ni Ethel gani huyo, maana yeye anamjua mmoja tu.

Mechi nayo haikuchezwa. Mvua!

Muriel anasema atarudi siku nitakapomwambia Bwana Crabtree ukweli kwa kinywa changu. Hataki zawadi wala machozi. Miaka ishirini na kitu ya ndoa inategemea sentensi moja. Jumatatu namaliza mambo.

Jumatatu, 8 Julai

Sikumaliza mambo.

Nilipiga moyo konde, nikaingia ofisini. Bwana Crabtree akasimama, jambo asilomfanyia mtu. Akafunga mlango. Akanimiminia chai na kunipa biskuti ya chokoleti, zile anazozifungia kabatini. Akaanza kunisimulia kifo cha mama yake, akatoa leso, akalia. Sasa mtu analia mbele yako, utamwambia mama mkwe wako yuko nyumbani anafuma soksi? Nikafungua kinywa niseme ukweli. Kilichotoka ni kwamba mazishi yalikwenda vizuri na kwamba kuimba kulifana.

Jioni Norman, mume wa Edna, alinisubiri kwenye ua. Huyu ndiye mwenye televisheni ya rangi, na hajawahi kuniacha niisahau. Akasema, "Shemeji, marehemu anauliza utamrudishia lini mkasi wake wa maua." Akacheka peke yake mpaka akashika uzio.

Jumatano, 10 Julai

Jumatano maduka hufungwa mchana. Nilikuwa na soksi moja mguuni mlango ulipogongwa. Bwana Crabtree, kaja kuhani, na kopo la samaki mkononi. Nikamketisha. Nikajiambia, hapa hapa Clifford, sema sasa. Kabla sijasema, mlango wa jikoni ukafunguliwa na mama mkwe akaingia bila hodi, kama kawaida yake, akauliza kama nyumba hii siku hizi watu hawapewi chai.

Bwana Crabtree akauliza huyu ni nani. Nikasema ni pacha wa marehemu.

Bibi alinitazama kwa muda mrefu. Nikajua leo ndio leo. Kumbe ajuza kachoka kukaa ndani. Akasema anaitwa Beryl, ametoka Blackburn, akaketi na kuangua kilio ambacho sijawahi kukisikia hata kanisani. Bwana Crabtree akamshika mkono. Bibi akauliza kwa kwikwi, je, mkwewe alikuwa akimsemaje marehemu huko kazini? Akajibiwa kwamba nilimsifu kama malaika. Bibi akasema hayo ni mageni kwake. Akala samaki wote.

Bwana Crabtree akapanda juu chooni, na hapo hapo Norman akaingia kwa mlango wa mbele akiita, "Mama Ethel, chakula tayari!" Nilimsukumia kwenye kabati la chini ya ngazi, pamoja na fagio na mita ya gesi. Norman ni mtu wa kilo zake. Mlango ulifungwa kwa goti. Bwana Crabtree aliposhuka alisikia kukohoa ndani, nikamwambia mita yetu ni ya zamani.

Sasa sikiliza. Ukutani nilimsikia Muriel anacheka. Kicheko chake chenyewe, kile cha kukata pumzi, nilichokuwa sijasababisha mimi tangu tulipokuwa wachumba. Usiku huu nitalala usingizi mzuri. Nadhani nimeokoka.

Alhamisi, 11 Julai

Sijaokoka.

Alhamisi saa mbili na nusu usiku ni kile kichekesho cha televisheni ambacho mtaa mzima hukitazama. Nilikitazama kwenye televisheni yangu isiyo na rangi. Jamaa kamdanganya bosi wake, kamficha kasisi kabatini, suruali imemshuka, na askofu anabisha hodi. Mke anagundua kila kitu. Anatikisa kichwa, muziki unapigwa, yameisha. Kila jamaa alipoumbuka, Muriel alicheka ng'ambo ya ukuta. Nikajiuliza, huyu mtu ana nini nisicho nacho? Uongo ni ule ule. Kabati ni lile lile. Hata suruali yangu inaweza kushuka.

Nikaenda kumwambia. Nilivaa tai. Nikamweleza kwamba jana alinicheka mimi kama anavyomcheka yule, basi arudi nyumbani.

Muriel hakukasirika, na hilo lilinitisha. Akasema, "Clifford, yule namcheka kwa sababu saa tatu namzima. Wewe nikuzimie wapi?" Edna akaangalia sakafu. Norman, mwenye plasta kwenye paji la uso, akasema mkuki kwa nguruwe mtamu. Muriel akamwambia anyamaze. Kisha akasema amechoka. Amechoka kukumbuka mbele ya nani tumemfisha nani. Jana alicheka, ndiyo, kisha akakaa kitandani akalia, kwa sababu yule aliyekuwa akimcheka ni mumewe.

Akasema atanisaidia kwa mara ya mwisho. Kesho atakwenda mwenyewe kwa Bwana Crabtree na kumweleza yote. Jumamosi Bwana Crabtree ataniuliza kama ni kweli. Nami niseme "ndiyo". Neno moja, Clifford.

Nilimshika mkono. Aliniachia nikaushika.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Ndiyo. Ndiyo, bwana. Ndiyo, ni kweli. Linatoka vizuri sana. Nimenunua birika jipya la kumpokelea.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike upesi kabla sijaanza kujihurumia.

Bwana Crabtree aliniita ofisini. Muriel alikuwa stoo, katikati ya maboksi ya viatu, na mlango uko wazi kidogo, nilijua hivyo. Bwana Crabtree alikuwa mpole. Akasema mke wangu amemweleza jambo la ajabu na yeye hana hasira, anataka tu kulisikia kwangu. "Entwistle, ni kweli mama mkwe wako yu hai?"

Lile neno "ndiyo" lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nikaona leso yake mezani, imekunjwa vizuri, nikaona atakavyonitazama kuanzia dakika ile mpaka nistaafu. Nikasema Muriel amelipokea vibaya lile jambo. Tangu mazishi anamwandalia mama yake sahani mezani na kuongea naye. Daktari kasema tusimbishie.

Stoo ikafunguka. Muriel akatoka na kofia mkononi. Bwana Crabtree akamwendea, akamshika kiwiko, akamwambia, "Pole sana, mama, utapona," kwa sauti ya kumsemesha mtoto. Muriel alinitazama mimi, kama unavyomtazama mtu kituoni ukidhani unamfahamu, kumbe siye. Akavaa kofia, akatoka.

Jioni Norman alikuja kuchukua makoti ya Muriel na cherehani. Nilingoja dhihaka, hakutoa hata moja. Aliniambia kwa upole tu nimshikie mlango. Anasema kesho Muriel anapanda treni kwenda kwa shangazi yao Scarborough, na nisiende kituoni. Nimekaa jikoni tangu hapo. Nimempoteza, na nimempoteza kwa mkono wangu, na nyumba hii sijui kuikaa bila yeye.

Kuna jambo moja zaidi. Bwana Crabtree amenipa likizo ya wiki mbili nimuuguze, na Jumatano atakuja na zabibu kumjulia hali. Kwa hiyo nahitaji mgonjwa. Nimeliwaza hili tangu magharibi na naona lina njia. Edna, ukimlaza na kumfunika shuka hadi puani, anafanana na dada yake sana. Kesho, treni ikishaondoka, nitamwomba.