Neno la Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa bila mke. Bado yuko kwa kaka yake. Kosa langu? Kwenye mazishi ya mama yake, alipokuwa anasoma wasifu wa marehemu, nilisimama mbele ya waombolezaji wote nikamsahihisha jina la ugonjwa. Niliona ni msaada. Mimi ndiye mfasiri wa karatasi za maelezo ya dawa. Nani mwingine angejua?

Leo ofisini, chupa ya dawa ya kikohozi. Imeandikwa “demulcent”. Miaka kumi na minane naandika “hulainisha koo”, napita zangu. Leo nikafungua kamusi kubwa. Kumbe ni Kilatini: kupapasa kuelekea chini, kama unavyompapasa paka aliyesimamisha manyoya. Nikaruka kitini! Mke wangu kasimamisha manyoya. Dawa ndiyo hii.

Jumanne, 4 Machi
Barua ya kuomba radhi tayari. Kurasa tatu: asili ya neno, matumizi yake, tanbihi. Kwenye tanbihi ya nne nimelia kidogo.

Balaa! Ofisini kwetu hakitoki kitu bila sahihi ya msomaji wa pili. Kwa mazoea nikaitumbukiza kwenye trei yake. Nilipozinduka, trei tupu. Na msomaji wa pili ni Kalamu Nyekundu, tunayeviziana naye kiti cha mkuu wa kitengo.

Alhamisi, 6 Machi
Imerudi. Kalamu Nyekundu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Pembeni kaandika: “Mzee mwenzangu, nimesoma mara mbili. Radhi yenyewe iko wapi?” Hakutia sahihi. Wivu mtupu. Nikamtilia sahihi yake mimi mwenyewe, na mkia wake ule wa madaha, nikaipeleka barua kwa shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kapiga simu. Dada yake kafika ukurasa wa pili, akauliza kama huyo paka ndiye yeye. Nikaeleza kuwa ni mfano tu wa Kilatini. Sawa shemeji, akasema, ila hapa nyumbani hatuna Mlatini. Hata hivyo, kesho saa kumi niende. Atanisikiliza. Mara moja tu, kasisitiza.

Jumamosi, 8 Machi
Kafungua mlango mwenyewe. Kakonda. Kavaa sweta ya marehemu mama yake, mikono imemzidi urefu. Akaniambia taratibu kwamba siku ile hakuhitaji jina la ugonjwa. Alihitaji mtu wa kusimama karibu naye.

Nikampapasa kichwa, kutoka utosini kwenda chini, polepole. Akafumba macho. Chozi likamtoka. Jamani, linafanya kazi! Furaha ikanizidi, nikamwuliza kama anaona sasa Walatini walivyokuwa na akili, maana kama wangepapasa kwenda juu...

Akaushika mkono wangu, akautoa kichwani pake, akaurudisha kifuani kwangu kama mtu anayerejesha kitu kwa mwenyewe. Mlango. Komeo.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja kuchukua nguo za dada yake. Zote. Nikamwuliza kama kuna ujumbe. Akasema hakuna, akaomba nimsaidie kufunga sanduku. Nikalikalia, likafunga.

Kisha nikakaa upande wa kitanda anaolalia mke wangu, nikatafakari kwa kina nilipokosea. Nimepata. Neno lile lilikuwa la koo! Kuna jingine, “lenitive”, Kilatini hichohicho, asili yake kufanya kitu kiwe laini. Hilo linafaa mwili mzima.

Rasimu ya pili imefika kurasa tano.